Tusiitenge Sala na Sakramenti

Malalamiko ya namna moja yanasikika siku hizi katika parokia nyingi, za mjini na za vijijini. Mtu anasali, lakini haoni ladha ya sala. Ameshika rozari asubuhi, amemaliza novena, amekesha usiku wa Ijumaa pamoja na wenzake, na bado moyo umebaki mkavu. Wengi wakifika hapo huanza kutangatanga. Leo wako uwanjani kwenye mkutano wa maombezi, kesho wamepanga foleni kununua mafuta na maji yanayosemekana kuondoa mikosi, keshokutwa wanasambaza kwenye simu zao sala wanayoambiwa waitume kwa watu kumi ili wapate muujiza kabla ya jua kuzama.

Ndugu msomaji, wengi wetu hatukosi maneno ya kusali. Tunachokosa ni mahali sala hiyo inapoota mizizi, na mahali hapo tulipewa zamani, siku tuliyobatizwa. Sala ya Mkatoliki iliyotengwa na sakramenti hudhoofika, hata iwe na kelele au machozi kiasi gani. Na sakramenti zinazopokewa bila sala hugeuka desturi ya ukoo. Haya mawili Kristo aliyaunganisha, nasi tumeyatenganisha. Ndiyo sababu ninaandika leo, ili tuyaunganishe tena.

Tazameni tulivyozifanya sakramenti. Ubatizo umekuwa karatasi ya kupeleka shuleni mtoto anapoandikishwa. Komunyo ya Kwanza imekuwa gauni jeupe, keki na picha. Kipaimara kimekuwa mahafali: kijana akishapakwa mafuta na Askofu, haonekani tena kanisani mpaka siku ya kutangaza ndoa. Ndoa yenyewe imekuwa kamati, michango na ukumbi. Kitubio tunakikimbilia Juma Kuu, katika foleni ndefu, kila mmoja akitaka amalize haraka. Na Mpako wa Wagonjwa tunauogopa kama hati ya kifo. Baada ya hayo yote tunarudi nyumbani, tunapiga magoti kando ya kitanda na kuanza kusali kana kwamba hatujawahi kupokea chochote.

Kanisa halijafundisha hivyo hata siku moja. Sakramenti ni tendo la Kristo mwenyewe, na ndani yake Kristo anasali. Isikilizeni Misa vizuri, mtagundua kwamba karibu kila sala ya padre inaelekezwa kwa Baba, kwa njia ya Mwana, katika Roho Mtakatifu. Maana yake ni kwamba mimi mnyonge, niliyekuja na mawazo ya karo na kodi ya nyumba, naingizwa ndani ya sala ambayo Mwana anamtolea Baba yake. Sihitaji kuanza mwenyewe kutoka sifuri. Sala yangu dhaifu inabebwa na sala isiyoshindwa. Je, kuna mkesha au novena iwezayo kutupa zaidi ya hayo?

Wakristo wa kwanza wa bara letu hili walilijua jambo hilo kwa damu yao. Mwaka 304, wakati Kaisari Diokletiano alipokuwa amepiga marufuku mikusanyiko ya Wakristo, waamini 49 wa Abitina, katika nchi inayoitwa leo Tunisia, walikamatwa wakiwa wamekusanyika kwa ibada ya Jumapili. Walipohojiwa kwa nini wamevunja amri, walijibu kwamba bila Ekaristi ya Jumapili hawawezi kuishi. Wangeweza kusali kila mmoja nyumbani kwake, kimyakimya, na hakuna askari ambaye angewagusa. Walijua kwamba hiyo isingewatosha.

Basi tuanze na Misa, kwa maana Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliita Ekaristi chemchemi na kilele cha maisha yote ya Mkristo. Watu husema, "Misa ni ile ile kila Jumapili." Mimi nawauliza: je, mmewahi kuitazama? Chukueni dakika moja tu ya mwanzoni. Padre anasema, "Tuombe," kisha ananyamaza. Wengi hudhani anatafuta ukurasa katika kitabu. La hasha! Kimya hicho kimewekwa kwa makusudi, ili kila mwamini amtolee Mungu moyoni ombi alilokuja nalo: mtoto mgonjwa, deni, shukrani ya mavuno, jina la marehemu. Kisha padre anayakusanya maombi hayo yote katika sala ya Koleta, naye anayapeleka kwa Baba kwa jina la Kanisa zima. Jumapili ngapi tumekipitisha kimya hicho tukigeuka kuangalia nani amechelewa? Tukijizoeza kukitumia, Misa haitakuwa tena ile ile, kwa sababu maisha yetu si yale yale kila Jumapili.

Tazameni tena wakati wa kuandaa vipaji. Kabla ya kuinua kalisi, padre au shemasi humimina tone la maji ndani ya divai, akisali kwa sauti ya chini kwamba sisi tushiriki umungu wake yeye aliyekubali kushiriki ubinadamu wetu. Tone lile likishaingia haliwezi kutolewa tena. Wakati huo kwaya inaimba na mifuko ya sadaka inapita, na karibu hakuna anayelitazama. Lakini hapo pana somo zima la sala. Ingia wewe na uchovu wako na hofu zako ndani ya tone lile. Mwambie Bwana, "Nami nimo humo." Hutahitaji maneno mengi.

Kisha inakuja Komunyo. Hapa lazima niseme kwa uchungu. Wengi wetu tukishapokea, tunakaa tukingoja matangazo, au tunatoka moja kwa moja nje kuwahi usafiri. Huko ni sawa na kumbishia hodi rafiki, akufungulie, akukaribishe ndani, nawe ugeuke uende zako kabla ya kuketi. Dakika zile kumi za baada ya Komunyo ndizo saa bora ya sala katika juma lako zima. Bwana yumo ndani yako kwa namna ambayo hayumo wakati mwingine wowote. Usifungue kitabu kwanza. Mshukuru, mweleze, kisha unyamaze umsikilize. Mtu atakayejizoeza dakika hizo kumi kwa mwaka mmoja hatauliza tena jinsi ya kusali.

Tujue pia kwamba kile tunachokichezea, babu zetu katika imani walikitamani. Kwa karne nyingi waamini wengi walipokea mara chache sana kwa mwaka. Ni Papa Pio wa Kumi ambaye mwaka 1905 aliwahimiza waamini wapokee mara kwa mara, hata kila siku, na mwaka 1910 akawafungulia mlango watoto wa umri wa miaka kama saba. Hadi katikati ya karne ya 20, aliyetaka kupokea alifunga tangu usiku wa manane. Mwaka 1964 Papa Paulo wa Sita alipunguza mfungo huo hadi saa moja kabla ya Komunyo. Saa moja tu! Nasi hiyo saa moja tunaifanyia nini? Wengi wetu tunaimaliza tukiwa na simu mkononi, ndani ya daladala au sebuleni. Ningekuomba, ndugu yangu, uifanye saa hiyo kuwa ya kujiandaa: soma Injili ya siku, taja nia yako ya Misa, samehe yule uliyegombana naye juzi. Ukifika kanisani utakuwa umekwisha kuanza kusali.

Sasa nije kwenye Kitubio, sakramenti tunayoikwepa kuliko zote. Nazijua hoja za kuikwepa. Ya kwanza: "Naungama kwa Mungu moja kwa moja." Ni vyema kumwomba Mungu msamaha kila siku, tena usiku kabla ya kulala. Lakini Kristo mfufuka aliwapa mitume wake mamlaka ya kuondolea dhambi na kufungia, kama Injili ya Yohane inavyosimulia, na mamlaka hayo yangekuwa na kazi gani kama hakuna mtu wa kuwaendea? Hoja ya pili: "Padre naye ni mwenye dhambi kama mimi." Ni kweli, naye pia huungama. Mtakatifu Agustino, Askofu wa Hippo katika nchi ya Algeria ya leo, alibishana kwa miaka mingi na Wadonati waliodai kwamba sakramenti ya mhudumu mbaya haifai kitu. Jibu lake limebaki kuwa jibu la Kanisa: anayebatiza ni Kristo, awe mhudumu ni mtakatifu au mkosefu. Ndivyo ilivyo na maondoleo. Hoja ya tatu ni aibu na hofu ya kusemwa. Padre amefungwa na siri ambayo haivunjwi kwa sababu yoyote ile, wala mahakamani wala kwa kuokoa maisha yake mwenyewe, na anayeivunja moja kwa moja hujitenga na Kanisa papo hapo.

Lakini Kitubio kina uhusiano gani na sala? Uhusiano mkubwa sana. Sala nyingi hukauka kwa sababu tunamficha Mungu kitu. Tunamwomba baraka za biashara huku mizani yetu ya dukani tunaijua wenyewe. Tunamwimbia sifa huku hatusalimiani na ndugu wa tumbo moja kwa sababu ya shamba la urithi. Moyo unaoficha hauwezi kuzungumza kwa uhuru. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Kwenye kiti cha kitubio tunajifunza kumwambia Mungu ukweli kwa jina lake: badala ya kusema "nimekosa kwa mengi", tunasema "nilimdhulumu mfanyakazi mshahara wake". Mtu aliyejifunza kusema hivyo mbele ya padre atasema hivyo hata katika sala yake ya chumbani, na hapo ndipo sala huanza kuwa mazungumzo ya kweli.

Mtaguso wa Nne wa Laterani, mwaka 1215, uliamuru kila mwamini aungame walau mara moja kwa mwaka na kupokea Ekaristi wakati wa Pasaka. Hicho ni kiwango cha chini kabisa, na wengi wetu tumekifanya kuwa kilele. Katika kijiji kidogo cha Ars, Ufaransa, Mtakatifu Yohane Maria Vianney alikaa katika kiti cha kitubio hadi saa 16 kwa siku, kwa kuwa watu walimiminika kutoka kila upande. Wale watu hawakuwa na dhambi nyingi kuliko sisi. Walikuwa wamegundua faida yake. Jaribu kuungama kila mwezi. Kabla ya kwenda, keti robo saa ujichunguze kwa utulivu, na hiyo robo saa ni sala. Baada ya kutoka, usikimbize malipizi uliyopewa. Kama ni Baba Yetu moja, isali neno kwa neno, kwa maana umerudishwa nyumbani na unayemwita Baba anakusikiliza.

Ubatizo nao hatukuuacha nyuma utotoni. Usiku ule wa mwishoni mwa Mei 1886, huko Munyonyo katika Buganda, Karoli Lwanga alijua kwamba yeye na wenzake wa ikulu ya Kabaka Mwanga wangehukumiwa kufa. Miongoni mwao walikuwamo wakatekumeni ambao hawajabatizwa bado, mdogo wao akiwa Kizito. Lwanga aliwabatiza usiku huohuo. Kisha wakaenda Namugongo, na tarehe 3 Juni wakachomwa moto wakisali. Kila mwaka mahujaji wengi wa Afrika Mashariki hufika Namugongo, wengine kwa miguu, kuwaheshimu vijana hao. Tusisahau wanachotufundisha: sala ile iliyoshinda moto ilitoka katika maji ya Ubatizo. Nawe ulioshwa kwa maji hayohayo. Unapochovya kidole katika maji ya baraka mlangoni mwa kanisa na kujiandika ishara ya msalaba, usifanye kama anayefukuza nzi. Fanya polepole, kwa kumkumbuka Baba aliyekufanya mwana, Mwana aliyekufia na Roho anayekaa ndani yako. Hiyo ni sala kamili.

Na Kipaimara? Mtume Paulo anawaandikia Warumi kwamba sisi hatujui kuomba ipasavyo, lakini Roho mwenyewe hutuombea. Roho huyo ulipewa mhuri wake siku Askofu alipokupaka Krisma katika paji la uso. Basi siku ambayo maneno yamekuishia, siku ya msiba au ya kuvunjika moyo, usiseme huwezi kusali. Mwambie Roho wa Kipaimara chako, "Niombee wewe," kisha ukae kimya. Mungu anaisikia sala hiyo.

Nanyi wenye ndoa nina neno nanyi. Ninyi mmepewa sakramenti ambayo haikuisha pale altareni. Inaendelea jikoni, kitandani, hospitalini, mezani mnapopanga matumizi. Mume na mke waliopeana sakramenti hiyo wasilale bila kusali pamoja walau sala moja fupi, hasa siku waliyogombana. Na wale wanaoishi pamoja bila ndoa ya Kanisa, wakakosa Komunyo miaka kwa miaka, nawasihi wasichukue hali hiyo kuwa ya kudumu. Mara nyingi kinachowazuia ni gharama ya sherehe. Lakini ndoa takatifu haidai ukumbi, wala suti, wala magari ya msafara. Baada ya maandalizi na matangazo, inahitaji wao wawili walio huru kuoana, padre au shemasi mwenye mamlaka, na mashahidi wawili. Wakienda kwa paroko wakamweleza ukweli, atawaonyesha njia. Na wale ambao hali yao ina mafundo mazito zaidi wasijifukuze wenyewe kanisani. Waje Misani, walisikilize Neno, wasali katika jumuiya ndogo ndogo, wazungumze na mchungaji wao.

Kuhusu wagonjwa, tuache kumwita padre wakati mgonjwa hatambui tena mtu. Mtakatifu Yakobo alishaandika kwamba mgonjwa awaite wazee wa Kanisa wamwombee na kumpaka mafuta. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulisema wazi mwaka 1963 kwamba sakramenti hii si ya wale tu walio katika saa ya kufa. Mgonjwa aliyepakwa akiwa na akili timamu hujifunza kuunganisha maumivu yake na msalaba wa Bwana, na sala ya mgonjwa wa namna hiyo huibeba familia nzima.

Najua kuna watakaosema, "Kigango chetu kiko mbali, padre hufika mara moja kwa mwezi au chini ya hapo." Hilo si kosa lenu, na Mungu hafungwi na umbali. Wakumbukeni Wakristo wa Buganda. Mwaka 1882 wamisionari wa White Fathers waliondoka, wakahamia upande wa kusini wa ziwa, na hawakurudi hadi 1885. Wachache waliokwisha kubatizwa hawakuzima. Waliendelea kusali na kufundishana, na wamisionari waliporudi walikuta wanaoitaka imani wameongezeka. Mkumbukeni pia Askofu François-Xavier Nguyen Van Thuan wa Vietnam, aliyefungwa mwaka 1975 kwa miaka 13, tisa kati ya hiyo akiwa peke yake. Waamini walimpelekea divai kidogo kwa jina la dawa ya tumbo. Aliadhimisha Misa kwa matone matatu ya divai na tone moja la maji, akiyashika katika kiganja cha mkono wake. Aliyenyimwa vyote alijua thamani ya matone matatu. Nyinyi mlio mbali, katika ibada ya Jumapili anayoiongoza katekista, fanyeni komunyo ya tamaa kwa moyo wote. Na padre akifika, asiwepo anayekaa nyumbani.

Wengine watasema hawana nafasi, kazi ni nyingi. Mwalimu Julius Nyerere, aliyebatizwa Desemba 1943, alijulikana kwa kuhudhuria Misa asubuhi hata alipokuwa na mzigo wa kuongoza nchi. Mwaka 2005 Kanisa lilianza mchakato wa kuyachunguza maisha yake ili ikipendeza atangazwe mwenye heri. Sidhani kuna miongoni mwetu mwenye shughuli kumzidi yeye.

Simkatazi mtu rozari yake, wala novena, wala mkesha. Mtaguso uleule wa Pili wa Vatikano uliyasifu mazoezi hayo ya ibada, ila ukataka yaendane na liturujia na kuwapeleka waamini kwenye liturujia. Rozari inayokupeleka Misani ni njema. Mkesha unaokufanya ulale Jumapili asubuhi umekuibia.

Basi, ndugu zangu, tusingoje Kwaresima. Jumamosi hii soma masomo ya kesho pamoja na watoto. Tafuta saa ya kitubio katika parokia yako kabla mwezi haujaisha. Kama hakuna saa iliyopangwa, mwombe padre, hatakukatalia. Jumapili fika mapema, tumia kimya cha "Tuombe", na ukishapokea baki na Bwana hata kama benchi zima limeinuka. Nanyi mapadre wetu, tunawaomba mtupe kimya hicho, na mtukalie katika kiti cha kitubio hata siku zisizo za Juma Kuu. Wazazi na makatekista, wafundisheni watoto kwamba siku ya Kipaimara wanaanza kazi. Atakayefanya hivi kwa uaminifu hatakuwa na haja ya kuzunguka nchi akitafuta mahali Mungu anaposikia. Anasikia katika parokia yako, kwenye altare ileile unayoijua. Nenda kasali hapo.